Pikipiki Inayoweza Kupanda Mtumbwi

Pikipiki niliyofanyia kazi ya ujana wangu haikuwa yangu. Ilikuwa mali ya serikali, Yamaha DT 125 yenye nambari za GK, na nilikabidhiwa Garsen nikiwa nimetoka chuo cha mifugo juzi tu. Juu ya keria nilifunga kasha la barafu lenye chupa za chanjo ya sotoka. Kampeni ya Afrika nzima ya kuung'oa ugonjwa huo ilianza mwaka 1986, na kwetu sisi wa Delta ya Tana ilikuwa na maana moja: kuwafikia ng'ombe wa Waorma na Wawardei huko huko malishoni kabla barafu haijayeyuka. Chanjo ile haikuvumilia joto. Ukichelewa njiani, ulichofika nacho zizini kilikuwa maji matupu.

Garsen ya siku hizo ilikuwa mji wa feri. Msafiri wa Lamu alivushwa Mto Tana kwa pantoni iliyovutwa kwa kamba na mikono ya watu, na mvua ikizidi, safari ililala hapo hapo. Sisi wa mifugo hatukuwa na ruhusa ya kulala. Tuliteremka na mto kwenye vijiji vya Wapokomo, Wema, Hewani, Ngao, Golbanti, tukaendelea hadi Chara na kule mto unakomwagika baharini, Kipini. Tukitoka mtoni tulizifuata malka, zile njia ambazo wafugaji huwapitishia ng'ombe kwenda kunywa maji. Udongo mweusi wa delta ukikauka huwa mgumu na wenye nyufa za kumeza tairi. Ukilowa hunata, ukajaa kwenye madigadi ya mbele na nyuma mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Niliijua pikipiki hapo, katika tope, jua na haraka ya kazi. Niliipenda mno.

Nilihamishiwa Mombasa kabla ya mafuriko ya El Niño ya 1997, yale yaliyobomoa matuta na mifereji ya mradi wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, na kuwaacha watu wa delta wakiishi juu ya vichuguu vya nchi kavu. Huko Mombasa kazi ilinipa meza, kisha gari, na miaka ikapita bila mguu wangu kugusa kiki. Mwaka 2011 ilipotangazwa kwamba sotoka imetoweka duniani, ugonjwa wa pili kung'olewa na binadamu baada ya ndui, nilikuwa ofisini. Nilifurahi hadi machozi yakanilenga, na papo hapo nikaziona njia zote tulizopita kuwafuata wale ng'ombe. Siku hiyo niliamua kwamba nikistaafu nitarudi Tana, na nikirudi nitapanda pikipiki tena.

Nilistaafu nikiwa na miaka 60, nikarudi. Garsen niliyoikuta ilikuwa mji mwingine. Zamani mlio wa pikipiki ulimtangaza afisa wa serikali, padri au mtu wa shirika, na watoto walitoka mbio kuangalia. Bajeti ya mwaka 2008 iliondoa ushuru wa VAT kwenye pikipiki zisizofika 250 cc, na tangu hapo Kenya nzima ikapanda. Leo mama mwenye uchungu hufikishwa hospitali ya Ngao kwa bodaboda, maembe hushushwa barabarani kwa bodaboda, na mchungaji wa Kiorma huenda kutafuta malisho kwa pikipiki huku fimbo imelala juu ya mapaja yake. Lami imefika hadi upande wa Lamu. Na kando ya njia zote nilizozijua zikiwa wazi, sasa umesimama mti wa mathenge, ulioletwa kuzuia jangwa na kutoa kuni, ukaenea hadi ukaifunika ardhi ya malisho. Miiba yake hupenya tairi la pikipiki bila taabu.

Nilikuwa na akiba, nilikuwa na hamu, na nilikuwa na washauri wengi. Kijana wangu aliye Nairobi alinipigia simu kwa mapenzi ya mtoto kwa mzazi: "Baba, umefanya kazi maisha yako yote. Chukua kubwa, mia nne au mia sita na hamsini, ujipe raha." Rafiki yangu wa zamani, tuliyechanja naye ng'ombe, aliniambia kuna DT inauzwa mnadani, ya shirika lililofunga ofisi, na kwamba mtu aliyejifunza kwenye DT afie kwenye DT. Mpwa wangu, ambaye ni mwendeshaji wa bodaboda hapa Garsen, alisema neno fupi: "Mjomba, usianzie dukani. Anzia kwa fundi."

Niliyafikiria maneno ya wote watatu kwa uzito, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshika kipande cha ukweli. Kilichoniongoza mwishoni ni jambo ambalo, nikiwa kijana wa miaka 26, sikuwa na haja ya kulijua. Ujanani nilichagua, au nilichaguliwa, mashine ya kuitawala mwenyewe. Nikianguka, niliinuka nikaiinua. Sasa nilipaswa kuchagua mashine ambayo watu wengine wanaweza kunisaidia nayo. Mambo mengine yote, mguu, udongo, spea na uzito, yanatoka kwenye shina hilo.

Nianze na mguu. Nilikwenda kuiona ile DT ya mnada, na moyo ulinienda mbio nilipoiona tena: tangi jembamba, madigadi ya mbele yaliyoinuliwa juu ya tairi ili tope lipite, silensa iliyopandishwa iwe mbali na maji. Ni pikipiki iliyoundwa kwa nchi kama yetu. Nilipoikalia, vidole tu ndivyo vilivyogusa chini. Ujanani hilo halikunisumbua, kwa sababu goti langu lilikuwa na nguvu ya kushikilia mashine iliyoinama. Goti la mtu wa miaka 60 lina hesabu nyingine. Pikipiki nyingi hazianguki katika mwendo. Huanguka zikiwa zimesimama au zinakaribia kusimama, kwenye mteremko wa ukingo wa mto, kwenye mchanga, pale mguu unapotafuta ardhi usiione. Anayerudi baada ya miaka mingi akae juu ya pikipiki akiwa amevaa viatu atakavyovaa safarini, aiegemeze kulia na kushoto injini ikiwa imezimwa, aisukume nyuma akiwa bado amekaa. Unyayo wote usipokanyaga chini upande mmoja walau, hiyo si yake, hata kama ni nzuri namna gani.

DT ile ilikuwa na suala jingine pia. Injini yake ni ya mapigo mawili, ambayo huunguza oili pamoja na petroli. Enzi zetu oili hiyo ilitoka bohari ya serikali. Leo kila injini unayoisikia Garsen ni ya mapigo manne, na maduka yameweka kile kinachonunuliwa. Mtu mwenye DT angekuwa anaagiza pete za pistoni, kebo na gasketi kutoka Mombasa au Nairobi, huku pikipiki imesimama uani wiki kwa wiki.

Ushauri wa kijana wangu niliupima kwa njia hiyo hiyo. Pikipiki nyingi za 650 hupita kilo 180 kabla hujaweka mzigo. Kwenye lami ya kutoka Malindi ina utulivu mzuri, upepo hauisukumi ovyo, na safari ndefu haichoshi. Lakini mimi sikurudi Tana ili nikae kwenye lami. Shamba la maembe liko ndani, jamaa wako ndani, na wafugaji ninaotaka kuwatembelea wako ndani zaidi. Mashine ya uzito huo ikilala kwenye udongo mweusi, mtu mmoja wa umri wangu haiinui, na kijana mmoja wa kumsaidia hatoshi. Kuna ushahidi wa dunia nzima juu ya faida ya wepesi. Honda Super Cub, iliyotoka mwaka 1958 ikiwa na injini ya 50 cc, ilifikisha milioni 100 zilizotengenezwa mwaka 2017, na hakuna chombo cha moto kilichowahi kutengenezwa kwa wingi kuliko hicho. Watu waliinunua kwa sababu mtu yeyote angeweza kuipanda, kuisukuma na kuitengeneza. Walimu na mapadri wa pwani yetu walizipanda hizo Honda ndogo kabla hatujalijua neno bodaboda.

Ndipo nikaenda kwa fundi. Hapa kwetu mafundi hufanya kazi chini ya mwarobaini, na yule niliyepelekwa na mpwa wangu ni kijana mwenye mikono mitulivu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nataka pikipiki, nimeambiwa nianzie kwako."

Hakunitajia jina la pikipiki. Aliniuliza nitakwenda wapi, mara ngapi, peke yangu au na mtu, na mzigo wa aina gani. Kisha akasema: "Mzee, ikizimika Semikaro saa kumi jioni, utampigia simu nani? Nunua ile ambayo utakayempigia anaijua gizani."

Katika swali hilo mna elimu nzima ya kununua chombo mahali palipo mbali na miji mikubwa. Kipimo cha pikipiki hapa ni idadi ya watu wanaoweza kuifungua na kuifunga kati ya nyumbani kwako na mwisho wa safari yako. Kutoka Minjila hadi Kipini, pikipiki inayojulikana kwa kila fundi ni Boxer, inayoundwa na kampuni ya Bajaj ya India, ikifuatwa na TVS. Plagi yake inauzwa katika duka linalouza pia sukari na sabuni. Seti ya cheni na sproketi ipo. Kebo ya klachi ipo. Kabureta yake fundi huifungua kwa spana chache na kuisafisha kando ya njia. Waliotangulia walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu ni huu, na nikauchagua: Boxer ya 150, mpya, pamoja na risiti na karatasi zake zote.

Nilifikiria pia pikipiki za umeme. Septemba 2023 Rais William Ruto alizizindua rasmi Mombasa, na katika miji mikubwa vijana wanabadilisha betri vituoni na kuendelea na kazi bila kununua petroli. Naamini zitatufaa siku moja, hasa kwa kuwa jua tunalo la kutosha. Kwa sasa kanuni ya yule fundi inatumika kwazo vile vile: chombo cha umeme hufuata mahali pa kubadilishia betri, na anayekaa delta atazame kwanza kituo chake cha karibu kiko wapi kabla ya kutazama bei.

Baada ya kununua, pesa zilizobaki nilizigawa kabla hazijayeyuka kwa mambo mengine. Kwanza matairi. Yale yanayokuja na pikipiki yana michoro ya barabara. Nikafunga yenye meno, ambayo kwenye lami hupiga kelele kidogo na kwenye tope hukupeleka. Fundi akayainua madigadi ya mbele ili udongo upate pa kutokea, akafunga chuma cha kukinga injini ambacho pia huulinda mguu wako pikipiki ikilala. Kisha tyubu nene, viraka, gundi, pampu ya mkono na vyuma viwili vya kung'olea tairi, vyote ndani ya mfuko mmoja usiotoka kwenye pikipiki. Katika nchi ya mathenge huna haja ya kuuliza kama utapata pancha. Jiulize utaipata ukiwa na nini mkononi. Mpwa wangu alinifundisha upya kuziba: kupapasa ndani ya tairi kwa kitambaa kabla ya kurudisha tyubu, kwa kuwa mwiba uliobaki utatoboa tena kabla hujafika mbali.

Helmeti sikuinunua kwa bei ya chini. Nilichagua inayofunika uso na kidevu, inayobana mashavu bila kuumiza, na yenye mkanda unaofungika vizuri. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa mwendeshaji aliyepata ajali kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Sijui kitu kingine kinachouzwa dukani chenye faida kama hiyo. Ya pili nilinunua kwa ajili ya abiria, kwa maana sheria ya Kenya inataka mwendeshaji na abiria wake, naye awe mmoja tu, wote wawili wavae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga. Mtu wa rika langu anapopanda bila helmeti, vijana wote wanaomwita mzee hupata ruhusa ya kufanya vivyo hivyo. Hilo nalichukulia kwa uzito mkubwa.

Leseni nayo. Kile kijitabu chekundu cha zamani kimepitwa na wakati. Leo mambo yanashughulikiwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani iliyoundwa mwaka 2012, na madaraja ya pikipiki yamegawanywa. A2 ni ya kuendesha pikipiki yako, A3 ni ya anayebeba abiria kwa malipo. Bima ya kumlinda mtu wa tatu ni lazima kisheria. Anayerudi ayamalize haya kabla ya safari ya kwanza, na apimwe macho. Macho yangu ya kusoma karibu yalikuwa yamekwisha kuniaga zamani, lakini daktari alipoyapima ya mbali nilielewa kwa nini taa za magari zilinisumbua usiku. Tangu hapo jua likizama, pikipiki yangu imelala.

Sasa nije kwenye kujifunza upya, kwa sababu hapo ndipo watu wa rika langu tunapojidanganya. Tunasema mwili hausahau. Ni kweli kwamba mwili hausahau, na hatari yenyewe iko hapo: unakumbuka mashine nyingine. Kwenye DT gia ya kwanza hukanyagwa chini, zilizobaki huinuliwa kwa kidole cha mguu. Kwenye pikipiki hii niliyonunua, kama zilivyo nyingi za bodaboda, gia zote huingizwa kwa kukanyaga mbele, na kupunguza ni kukanyaga nyuma kwa kisigino. Mguu wenye kumbukumbu ya DT ukitaka kupunguza gia kabla ya kona, hukanyaga mbele, na badala ya injini kukushika inakuachilia. Hilo halirekebishwi kwa kuelezwa. Linarekebishwa kwa kurudia mpaka mguu uzoee, mahali ambapo hakuna lori.

Mpwa wangu alinichukua jioni kwenye uwanja wa shule, watoto wakiwa wamekwenda nyumbani. Yeye aliyezaliwa nikiwa tayari naendesha akawa mwalimu wangu, na nilimsikiliza kama mwanafunzi anavyopaswa kumsikiliza mwalimu. Tulianza na kuondoka na kusimama. Kisha kuzunguka polepole, klachi ikiwa nusu, macho yakitazama unakotaka kwenda na si tairi la mbele. Kisha breki. Uchunguzi mkubwa wa Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, uliochapishwa mwaka 1981 baada ya kuchunguza ajali 900 mahali zilipotokea, uligundua kwamba waendeshaji wengi walipopatwa na hofu walibana breki ya nyuma hadi gurudumu likateleza, na breki ya mbele wakaitumia kidogo mno. Nguvu kubwa ya kusimamisha pikipiki kwenye lami iko mbele, kwa sababu uzito mwingi hukimbilia huko. Mkono uikamue taratibu, kwa kuongeza nguvu, bila kuishtua. Kwenye tope na mchanga hesabu hubadilika: hapo breki ya nyuma ndiyo rafiki, na ya mbele huguswa kwa upole. Mtu wa Tana hupita kutoka lami hadi udongo mweusi katika safari moja, kwa hiyo lazima azijue lugha zote mbili za breki.

Sikwenda lami mpaka mpwa wangu aliponiambia niko tayari. Lami yetu ni nzuri na ni ndefu, mabasi ya Lamu hupita kwa kasi, na ng'ombe huvuka bila taarifa. Ujanani barabara mbovu ilitulinda kwa kutulazimisha kwenda polepole. Barabara nzuri imeuondoa ulinzi huo, na sasa mwendo unalindwa na uamuzi wa mtu mwenyewe.

Mvua za mwisho wa mwaka 2023 zilipofika, nilikuwa nimeizoea pikipiki vizuri. Mafuriko yetu hayatengenezwi na mawingu ya Garsen peke yake. Mvua hunyesha Mlima Kenya na Aberdare, hujaza mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na tangazo la kwamba Masinga imejaa na inamwaga maji likitoka redioni, watu wa delta huanza kuhamisha mbuzi na magodoro. Mwaka ule maji yalikuja kwa wingi. Barabara ya Lamu ikakatwa karibu na Gamba, magari yakapanga foleni, na wasafiri wakavushwa kwa boti na mitumbwi.

Hapo ndipo uchaguzi wangu ulipopimwa. Kijiji cha ndugu zangu kilikuwa kimezungukwa, na kulikuwa na dawa za mifugo zilizohitajika upande wa pili. Wavuvi wawili wa Kipokomo waliitazama pikipiki, mmoja akashika mbele, mwingine nyuma, wakainyanyua na kuilaza ndani ya mtumbwi mpana, tairi la mbele limegeuzwa, tangi limefungwa, petroli imeangaliwa isimwagike. Wawili tu. Mimi nilikaa kando nimeshika mpini. Tukavuka, wakaiteremsha, nikaendelea na safari kwenye nchi kavu. Palikuwa na mtu mwenye pikipiki kubwa pale kivukoni, yenye thamani mara kadhaa ya yangu, naye aligeuza kurudi kwa sababu hapakuwa na mtumbwi wala mikono ya kutosha.

Ninaposema pikipiki ipande mtumbwi, sisemi kila mtumbwi upandwe. Aprili 2024 boti iliyojaa abiria ilizama pale Kona Punda, Madogo, na familia zikapoteza watu wao. Chombo kilichozidiwa mzigo ukiache kiende, usubiri kingine, au urudi nyumbani. Dawa huweza kusubiri. Roho haina spea.

Msimu ule nilijifunza pia kuishi na pikipiki iliyolowa. Maji yakipita katikati ya gurudumu, zima injini na sukuma. Injini inayovuta maji kupitia kichujio cha hewa hupinda fimbo yake ya pistoni, na hiyo ni gharama ya kufungua injini nzima. Ikizama, usiiwashe kwa pupa. Toa plagi, piga kiki mpaka maji yaishe kwenye silinda, mwaga kilichomo kwenye bakuli la kabureta, kausha kichujio. Chungulia oili: ikiwa imegeuka nyeupe kama tui, maji yameingia, ibadilishe kabla ya kwenda popote. Ukitoka majini breki za ngoma hazishiki, basi zigandamize kidogo kidogo ukiwa katika mwendo wa polepole mpaka zikauke. Na jioni cheni ioshwe kwa mafuta ya taa, ifutwe, ndipo ipakwe oili, kwa kuwa oili juu ya mchanga hula sproketi.

Kuna wastaafu wengi wanaorudi pwani na mashambani wakiwa na mafao yao na hamu ya chombo walichokipanda wakiwa vijana. Ninawaelewa na ninawaunga mkono. Pikipiki imenirudishia nchi yangu: nafika malka nilizozijua, nakaa na wazee wa Kiorma tuliochanja nao ng'ombe, natembelea shamba bila kumsubiri mtu. Nawaomba tu wasinunue wakiwa peke yao. Waende na fundi, na kijana wa bodaboda, na mtu wa nyumbani atakayewaambia ukweli juu ya magoti yao. Serikali za kaunti nazo zingefanya jambo la maana kama zingetenga uwanja na mwalimu kwa wanaoanza na wanaorudi, kwa sababu pikipiki nyingi huku huuzwa saa nne asubuhi na kubeba abiria saa sita mchana.

Atakayeniuliza achukue ipi, nitamuuliza kwanza unyayo wake unafika chini, udongo atakaopita ni upi, fundi wake ni nani, na ni watu wangapi watahitajika kuinyanyua. Nguvu ya injini nitaiuliza mwisho. Tana River ni nchi ya kusaidiana, mkulima na mfugaji na mvuvi, hata baada ya miaka ambayo tulipigana tukazikana. Anayerudi hapa akiwa na umri wangu atahitaji mkono wa mtu mapema au baadaye. Basi na anunue pikipiki ambayo mikono hiyo inaiweza.